Vibao vya Kitaya vimegeuka manjano pande zote mbili

Jumamosi, 14 Oktoba. Magomeni.

Joto kali, upepo wa vumbi. Nimerudi kutoka Kitaya saa kumi na moja, vumbi mpaka kwenye kope, na nimekaa kuandika kabla ya kuoga. Nikioga kwanza nitaanza kujitetea.

Leo nilikwenda kumvizia mtu.

Kwa asiyeijua kazi yangu: kuna mtafiti, tunamwita Dokta, anayetaka kujua kama plastiki ya bei nafuu inafaa kutengenezea makasha ya vipimo vya haraka, vile vya malaria vya zahanati. Kasha likiwa nafuu, kipimo kitakuwa nafuu. Lakini likipasuka kwa joto kabla ya kutumika, majibu hayaaminiki, na mgonjwa wa kijijini atalazimika kupanda bodaboda hadi mjini kupima upya. Kwa hiyo tumefunga vibao vya plastiki hiyo juu ya vichanja, upande mmoja ukitazama jua, usiku na mchana, tuone vinazeekaje. Kichanja kimoja kiko mjini kwenye paa la ofisi. Kingine kiko Kitaya, uani kwa Bi Somoe, mkulima wa korosho, ambaye ndiye mtunzaji wake.

Kila baada ya Jumamosi mbili napima rangi, nakunja kibao kimoja mpaka kikatike, naandika. Takwimu zangu zinaingia kwenye kompyuta ya Dokta, nayo inajifunza kukisia kasha litadumu miaka mingapi. Siku ya kwanza Dokta aliniambia kompyuta haina macho, inaamini kile ninachoiandikia. Nilijiona mtu mkubwa.

Tangu Agosti vibao vya Kitaya vinaninyima raha. Vya mjini vimegeuka manjano juu, chini bado vyeupe, kama inavyotakiwa. Vya Kitaya vina manjano pande zote mbili, tena manjano hafifu, kama vitu vilivyopata nusu ya jua. Nyaya za kufungia zimelegea. Zimesokotwa na mkono usio wangu.

Nikaanza kushuku, na mimi nikishuku naandika. Je, vimebadilishwa? Hapana, namba nilizichonga mwenyewe kwa msumari, na saba yangu ina mkia. Mikia yote ipo. Basi vinachukuliwa na kurudishwa. Vinafunikia mitungi? Vinaazimwa? Kuna mtu anamlipa Bi Somoe avivuruge? Hata ukarimu wa Bi Somoe niliuwekea alama ya kuuliza. Kila nikifika ananiwekea muhogo wa kuchemsha. Niliandika katika daftari langu, na naona aibu kunakili hapa: "Asiye na la kuficha hakaribishi kiasi hiki."

Jumamosi iliyopita niliweka nukta ya wino upande wa juu wa vibao sita. Alhamisi, hata kabla ya kuangalia mtego wangu, nikamwandikia Dokta kwamba Kitaya kuna mtu anachezea vibao. Alijibu kwa mistari miwili. Nimpe jina na ushahidi kufikia Jumatatu, na kama ni mtunzaji, tutamwondoa na kuwaarifu viongozi wa kijiji.

Kuwaarifu viongozi wa kijiji. Kwa mwanamke wa umri wa mama yangu, mahali ambapo neno likishatoka halirudi.

Kwa hiyo leo, siku ambayo si zamu yangu, nilishuka kwenye bodaboda nyumba mbili kabla, nikasimama nyuma ya ua wa makuti wa jirani. Ilikuwa inakaribia adhuhuri. Bi Somoe alikuwa amepiga magoti kwenye jamvi akigeuza korosho kwa viganja, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Wifi yake, Fatu, alikuwa pembeni akichambua mbovu. Jamvi lilipokwisha, Bi Somoe alijifuta mikono kwenye kanga, akaenda kwenye kichanja. Akafungua waya wa kwanza.

Akakigeuza kibao. Akafuta vumbi kwa pindo la kanga. Akafunga. Akaenda cha pili.

Vyote. Hakuruka hata kimoja.

"Wewe dada wa vibao," ilikuwa sauti ya Fatu, wala hakuinua kichwa. "Unahesabu kuku wetu, au mlango umekupotea? Tangu bodaboda iondoke uko hapo."

Nilitoka. Nikamwamkia Bi Somoe, akaitikia marahaba yake, na nikamwuliza kwa nini anavigeuza.

"Si ndivyo?" alisema. "Kitu ukikianika, mchana unakigeuza, kisioze chini. Jua likitua unakiingiza ndani, umande usikipige. Hukuniuliza, nikajua unajua."

"Kila jioni," Fatu akadakia. "Analala navyo chumbani kama wajukuu. Nikamwambia, wifi, hivyo hata ukivipika haviivi."

Bi Somoe hakucheka. Alikuwa ananitazama usoni. Akauliza kama vya mjini navyo vimekauka vizuri kama vyake.

Miezi minne alikuwa anavilea. Nilimkabidhi vibao mwezi Juni, nikamwonyesha jinsi vinavyofungwa, nikamwomba asiruhusu mbuzi. Sikumwambia kwamba tunataka viharibike. Nani anaweka kitu juani ili kiharibike? Huku kila kinachokwenda juani kinakwenda ili kifae: korosho, muhogo, samaki, godoro la mtoto.

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Ulikuwa unanivizia, mwanangu?"

Nilisema ndiyo.

Alirudi kwenye jamvi lake. Leo muhogo haukutoka.

Njiani nilitafuta mtu mwingine wa kumtupia lawama hii, na sikukosa. Dokta hakuniandikia maelezo ya kumpa mtunzaji. Bi Somoe angeweza kuuliza. Nilikuwa nimeshatunga hata taarifa: kituo kifungwe kwa sababu ya upepo na mifugo, asitajwe mtu. Ingepita. Nani angekwenda Kitaya kuwauliza mbuzi?

Nilipofika nyumbani nikafungua jalada la fomu za Kitaya. Chini kabisa kuna swali ambalo mtunzaji anatakiwa kuulizwa kila ziara: je, vibao vimeguswa, vimesogezwa au vimefunikwa? Mara nane nimeandika "Hapana" na kutia sahihi. Mara zote nane nikiwa nimekaa mbele yake, natafuna.

Mara zote nane sikumwuliza.

Nilikuwa nashuku kila mkono isipokuwa huu ulioshika kalamu.

Nimemwandikia Dokta kabla sijapoa. Kwamba Bi Somoe alifanya kazi zaidi ya alivyotakiwa, na hakuna aliyemweleza tunachotafuta. Kwamba "Hapana" zote ni za kwangu. Kwamba takwimu za Kitaya azitoe zote kwenye kompyuta yake, hata zile zinazoonekana nzuri. Na kwamba jina aliloliomba ni langu.

Ameusoma ujumbe. Hajajibu.

Huenda Jumatatu sitakuwa na kazi. Hilo naliogopa, lakini kuna jingine linanikereketa zaidi. Nimefungua jalada la fomu za mjini, lile nililokuwa natumia kumhukumia Bi Somoe. Na huko kuna "Hapana" nane, mwandiko uleule. Paa lile lina mlinzi, lina mtu wa usafi, na upepo wa Juni ulipopita kule sijui nani alifanya nini. Mlinzi yule namwamkia tu na kupanda ngazi.

Kesho nitakwenda kumwuliza, nikae nisikie jibu. Sijui kama nataka kulisikia.