Ulimi Wangu Ndio Unaouza Maduka ya Baba

Mpendwa Shangazi,

Nisaidie, maana hili sijamwambia binadamu yeyote, na paka nilipojaribu kumwambia aliondoka: mimi ndiye ninayeuza maduka ya baiskeli ya baba yangu, na baba mwenyewe hajui.

Usidhani mimi ni jasiri. Mimi ni yule msichana ambaye mwalimu akimwita darasani anajifanya anatafuta kalamu chini ya dawati. Nyumbani wananiita Kufuli. Lakini nimesoma shule ya lugha mbili, na baba ana maduka manne na lugha moja, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu maduka yenyewe yanachechemea, la tatu siku hizi linauza makasha ya simu kuliko baiskeli, la nne Baba Mdogo hulifungua akijisikia, ikatokea kampuni kubwa kutoka mbali ikataka kuyachukua yote, ikamtuma bwana mmoja anayetabasamu hata akikanyagwa, sisi tunamwita Bwana Meno, naye hajui hata salamu ya kwetu, basi Mama akasema tutafute mkalimani, baba akaruka, "Mkalimani wa nini? Hiyo lugha nimeilipia karo miaka yote, sasa nayo itoke ikafanye kazi!"

Ndivyo nilivyojikuta kwenye chumba cha nyuma cha duka kubwa, katikati ya baba na Bwana Meno, tyubu zimening'inia juu ya vichwa vyetu, mikono nimeibana kati ya magoti. Baba akaanza: "Mwambie huyu kijana kwamba wakati yeye ananyonya, mimi nilikuwa naziba pancha. Asije kunifundisha biashara." Shangazi, ningeyatoaje maneno hayo mbele ya mtu aliyevaa tai? Nikasema, "Baba amefurahi kukuona." Bwana Meno akajibu, meno yote nje, kwamba maduka yetu ni maiti iliyosahauliwa kuzikwa, kwamba wao wanataka majengo tu kwa kuwa yako kwenye kona nzuri, watauza viatu humo, na baiskeli zitakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikamgeukia baba. "Anasema maduka yako yapo mahali pazuri sana."

Baba akavuta kiti karibu. "Kumbe ana akili!"

Ningeishia hapo tungeiita adabu. Ila nikwambie ukweli wangu wote, nilionja utamu, kwa mara ya kwanza maishani watu wazima wawili walinyamaza kimya wakisubiri mimi nimalize kusema, na kikao cha pili nikawa kama fundi cherehani, huyu akitukana nakunja pindo, yule akidharau natia vifungo, mpaka wakaanza kupendana! Sasa baba anamwita "mwanangu", naye anamwita baba "kizee cha sarakasi", nami namfikishia baba "mzee wa heshima", na baba anaweka kola sawa.

Kisha likaja la mafundi. Baba akataka kujua kama mafundi wake watabaki. Bwana Meno akacheka, akauliza duka la viatu linamhitaji fundi wa breki kwa kazi gani, hakuna atakayebaki. Nikasema, "Anasema watafikiriwa." Baba akasimama mlangoni, akapaza sauti kuelekea karakana, "Mmesikia? Mtafikiriwa!" Wakapiga makofi, na mmoja akapiga kengele ya baiskeli.

Sasa Fundi Kiraka, ambaye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli nikiwa kibogoyo, ameitwa hospitali kutengeneza viti vya magurudumu vya wagonjwa, kazi ya kudumu. Jana aliniambia huku akifuta grisi mikononi, "Kufuli, Ijumaa natakiwa kuwapa jibu, nitawaambia hapana. Nitamwachaje mzee wakati na sisi tunafikiriwa?" Nikamwambia nini? Nikamwambia hongera.

Na bado. Duka letu lina sheria tangu enzi za babu: hakuna baiskeli inayotoka kabla mnunuzi hajaipanda na kuuzunguka ua, hata awe nani, kwa kuwa baba husema kitu hakikwambii ukweli mpaka ukikalie. Basi ameamua kwamba Jumamosi, kabla ya kutia sahihi, Bwana Meno atauzunguka ua kwa baiskeli nyeusi ya babu, mafundi wote wakitazama. Nilipolifikisha, Bwana Meno alisema hajawahi kujifunza kuendesha, na hata angejua asingekubali kuonekana juu ya takataka ile. Nikasema, "Anasema itakuwa fahari kwake." Sasa baba anaing'arisha kila jioni, na kiti amekiinua kwa kukadiria miguu ya Bwana Meno kwa macho.

Nikisema ukweli, baba ataniona mwongo na biashara itavunjikia mikononi mwangu. Nikinyamaza, atatia sahihi kitu asichokijua na mafundi wake watatupwa nje. Nakuandikia wewe kwa sababu baba hununua gazeti kila Alhamisi kwa ajili ya ukurasa wa michezo tu, kisha linakwenda karakana kufungia vipuri, na mimi huchomoa kipande chako kabla hakijafungiwa mnyororo, na juzi ulivyomgombeza yule bwana mwenye wake wawili na simu tatu nikasema huyu haogopi mtu. Nieleze, Shangazi, nianzie wapi, maana mdomo wangu ukitaka kusema la kweli unaji... ngoja, kuna mtu anakuja, ni nyayo za baba, na tiki-tiki-tiki ya gurudumu, ananiletea baiskeli humu ndani niione inavyong'aa, karatasi naificha chini ya

*Shangazi anajibu:*

Mwanangu Kufuli,

Barua yako imenifikia ikiwa imekatika katikati ya sentensi, na juu yake pana alama ya tairi kutoka kona hadi kona. Kwa hiyo uliificha chini ya zulia, na baba yako akapitisha baiskeli juu ya siri yako bila kujua. Nimecheka, nisikudanganye. Kisha nikafika kwa Fundi Kiraka, nikaacha kucheka. Ndiyo maana nimekurusha mbele ya foleni, na wenye ndoa mbovu wanisamehe, zao zitakuwepo tu wiki ijayo.

Nianze kwa kukutetea. Mtoto hakabidhiwi ndimi za watu wazima wawili abebe peke yake. Mtu mwenye maduka manne anashindwaje kumlipa mkalimani mmoja? Na huyo Bwana Meno, anayemtukana mzazi mbele ya mwanawe kisha anamtegemea mwanawe huyohuyo ayafikishe matusi, hata tabasamu lake nalitilia shaka.

Sasa wewe, binti. Usijifiche nyuma ya aibu. Aibu ilikuwa ya kikao cha kwanza. Baada ya hapo ulikuwa unajifurahisha, umekiri mwenyewe, na kwa hilo nakuheshimu. Lakini umezaliwa kwenye baiskeli, hujui kwamba kupaka rangi juu ya kutu si kutengeneza? "Watafikiriwa" ni neno tamu, ila halijawahi kumlipia mtu kodi ya nyumba.

Unaogopa biashara itavunjika. Biashara gani? Hapo hakuna biashara. Pana watu wawili wanaozungumza na wewe, kila mmoja akidhani anazungumza na mwenzake. Na usijipe ukubwa usio wako: huenda baba yako akiusikia ukweli bado atauza, maana maduka yanayochechemea hayaponi kwa kupendwa. Ni haki yake kuuza. Lakini sheria ya babu yako ni sheria, na huyu mzee yuko mbioni kuchukua mkataba ambao hajaupanda hata mzunguko mmoja.

Kwa hiyo leo hii nenda kwa Fundi Kiraka. Mwambie aichukue kazi ya hospitali, na mwambie kwa nini. Akinuna, anune akiwa na mshahara. Ukitoka hapo, mfuate baba yako akiwa anaing'arisha ile baiskeli. Chukua kitambaa kingine, shika upande wa pili wa gurudumu, na kama huwezi kumtazama usoni tazama spoku. Mwambie maneno ya yule bwana kama yalivyotoka: maiti, viatu, vyuma chakavu, na kizee cha sarakasi pia. Usiyafanye butu, usiyanoe. Atafoka. Pengine atakitupa kitambaa chake. Mwache afoke mpaka achoke, usimtafsirie hasira yake, hiyo anaielewa mwenyewe.

Akishatulia, mwambie asisogeze kalamu Jumamosi bila mkalimani wa kulipwa na wakili wake pembeni. Wewe siku hiyo usikae katikati yao tena. Kaa upande wa baba yako, unyamaze, kazi ambayo nasikia unaiweza.

Wala usiniandikie kwamba umekosa ujasiri. Aliyeweza kuwapatanisha watu wawili wanaodharauliana hakosi maneno, anakosa tu kuanza. Na nimekusaidia kuanza: nimemwomba mhariri auchape ukurasa wa michezo nyuma ya huu wangu. Baba yako sasa hivi anasoma matokeo ya mpira, nawe unanisoma upande huu gazeti likiwa mikononi mwake. Wahi kabla hajageuza.