Tumechaguliwa kwenda ng'ambo, lakini binti yangu anataka kuolewa kwanza

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nina furaha mpaka silali na nina hofu mpaka chakula hakipiti, na vyote viwili vimeniingia nyumbani siku moja. Mimi ni mama wa watoto watatu, binti mkubwa anayeuza kwenye duka la dawa na mapacha wa kiume walio shule ya msingi. Kazi yangu ni kupanga nyama kwenye chumba cha baridi cha kampuni moja inayouzia mabucha, na mume wangu ni kinyozi, ana kibanda chake karibu na stendi, na mdomo wake unafanya kazi kuliko mashine ya kunyolea.

Mwaka jana tulijaza ile bahati nasibu ya viza, kwa mzaha tu kama wanavyojaza wengine, na aliyetujazia kwenye simu yake ni kijana mmoja fundi friji anayekuja kututengenezea mtambo wa baridi pale kazini. Yeye ndiye aliyetupiga picha sebuleni, mapacha wakiwa wameshika shuka jeupe nyuma ya kichwa cha baba yao, wanacheka mpaka shuka linatikisika, na kijana wa watu akarudia na kurudia bila kununa mpaka picha ikakubalika. Baada ya hapo tulisahau, mshauri, nakuambia ukweli, tulisahau kabisa, mpaka siku aliponipigia simu nikiwa natoka chumba cha baridi na glavu mkononi, akasema, "Mama, kaa chini kwanza." Nikamwambia hapa nilipo pa kukaa ni juu ya paja la ng'ombe tu. Akasema, "Basi kalia hilohilo. Mmechaguliwa."

Tangu siku hiyo nyumba yangu haina mtu mwenye akili timamu. Mapacha wanagombania kiti cha dirishani kwenye ndege ambayo hata tiketi yake hatujaiona. Mume wangu kanunua koti zito la mitumba linalomfika magotini, analivaa wakati wa chakula cha jioni, jasho linamtiririka mpaka kwenye sahani, ukimuuliza anasema mwili lazima uzoee. Nikamwambia baba, kinachotakiwa kuzoewa ni baridi, siyo koti. Ndipo nikapata wazo. Nikamwomba msimamizi wangu, mtu mwema yule, akaniruhusu Jumapili niwaingize familia yangu kwenye chumba cha baridi kidogokidogo, mradi wavae makoti meupe na wasiguse kitu. Basi ungetuona, mshauri, tumejipanga katikati ya nyama zinazoning'inia, mapacha wanasalimiana kwa Kiingereza na moshi unawatoka midomoni, na mume wangu akaanza kutueleza habari za huko kama aliyewahi kufika, akaongea, akaongea, mara meno yakaanza kugongana akanyamaza. Ni mara ya kwanza kumwona amenyamaza tangu tuoane. Nikasema moyoni, nchi hii nitaipenda.

Binti naye akaingia. Akasimama, akajipulizia viganja, akacheka, akasema, "Mama, mbona mtu anaishi tu hapa." Wadogo zake wakacheka na mimi nikacheka, lakini moyo ulinidunda, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Yule fundi friji ndiye mchumba wa binti yangu. Na mimi mwenyewe ndiye niliyewakutanisha, sikufichi, nilikuwa nikisikia mtambo umeharibika nampigia binti aniletee chakula kazini hata kama nimeshakula. Kijana ana adabu, ana kazi ya mikono yake, na wanapendana mpaka inatia wivu. Sasa masharti ya safari hii ni kwamba mtoto anayekwenda kwa jina la mzazi awe hajaoa wala hajaolewa. Mteja mmoja wa mume wangu ambaye dada yake alipita njia hiyohiyo alituambia, akiolewa kabla hatujaingia huko, jina lake linatoka na hatusafiri naye. Binti hajui. Mume wangu alitaka kumwambia siku ileile, nikamwapisha asiseme, na wewe fikiria mdomo ule kubeba siri, siku hizi hata ananyoa vibaya.

Wazee wa upande wa kijana walipotuma habari kwamba wanakuja kupanga tarehe ya ndoa, nikaumwa mguu. Walipotuma mara ya pili nikasema hatuwezi kupanga bila shangazi wa binti kuwepo, na shangazi kasafiri, na aliyemwambia asafiri ni mimi. Sasa wametuma tena kwa upole kabisa kwamba mwisho wa mwezi huu wanakuja, mguu au hakuna mguu.

Nimeshindwa kumwambia kwa sababu najua atachagua nini. Atamchagua yule kijana. Nikijiona niko kwenye ndege, mapacha huku, baba yao na koti lake huku, na mwanangu wa kwanza kabaki nyuma anafunga duka la dawa peke yake, furaha yote inageuka maji ya baridi. Halafu tena najiuliza, na akiacha ndoa kwa ajili yangu kisha viza tukanyimwa, atanitazamaje? Niambie, mshauri, niendelee kuchelewesha mpaka viza zitoke nimwambie tukiwa na tiketi mkononi, au nimwite yule kijana pembeni, nimwombe yeye ndiye aahirishe bila kumwambia mwenzake sababu? Nijibu kwa upole tafadhali, maana binti ndiye anayetusomea safu yako kila Jumamosi, wote tukiwa uani baba yao akiwanyoa mapacha.

Mimi Mama Pacha wa chumba cha baridi.

*

Mama Pacha,

Hongera. Nakupa kwa mikono miwili, kwa sababu najua wangapi wanajaza na wangapi wanaitwa. Barua yako nilicheka mpaka mhariri akafungua mlango kuuliza kulikoni, nikamsomea ile ya mume wako na meno yake, akakaa tukacheka wawili. Lakini nimeshamaliza kucheka, sasa tuzungumze.

Unaniambia binti yako ndiye anayesoma safu hii kwa sauti mbele yenu wote, hapohapo unaniomba nikujibu kwa upole. Mama, mimi si mtoto mdogo. Hukutaka ushauri, ulitaka mtu wa kukusemea. Ulitaka mwanao alijue jambo kubwa la maisha yake gazetini, mbele ya mapacha na nywele zao, wewe uwe umeinama unatafuta kitu chini ya kiti. Nimekataa kazi hiyo. Ndiyo maana nilikupigia kwenye namba uliyoiacha, ukapokea kwa sauti ya mgonjwa mahututi, na nilipojitambulisha kwamba mimi si mzee wa upande wa kijana, mguu ukapona palepale. Nikakuambia sichapishi hata mstari mpaka umwambie binti mwenyewe, kwa kinywa chako, mkiwa wawili. Ulikasirika ukakata simu.

Juzi umenipigia tena unalia. Yaliyotokea nayaandika kwa ruhusa yako na ya binti yako, kwa sababu kuna wazazi wengi wanaosoma hapa huku mguu unawauma kama ulivyokuuma wewe.

Ulimkuta anakunja nguo. Ukaanza kwa kuzunguka, ukapita kwenye hali ya hewa, ukapita kwa shangazi, mwisho ukasema. Binti akaendelea kukunja shati la baba yake mpaka likaisha, akasema, "Mama, najua. Mchumba wangu aliniambia siku ileile mlipochaguliwa." Ukamuuliza sasa mbona umekaa kimya. Akakujibu, "Nilikuwa nasubiri uniambie wewe. Ulipoanza kuumwa mguu nikajua unaigiza, nikadhani humtaki tena. Nikadhani kwa kuwa sasa nyie ni watu wa ng'ambo, fundi friji amekuwa mdogo kwenu."

Umesikia alivyokuelewa? Wewe ulikuwa unaficha kwa sababu unampenda, yeye akaona mama yake ameanza kumdharau mtu anayempenda. Siku zote hizo amekuletea maji ya moto ya kukanda mguu mzima, na moyoni anakuona una kiburi. Hiyo ndiyo hasara ya kumfichia mtu mzima mambo yake. Na kile ulichoniuliza, cha kumwambia tiketi zikiwa mkononi, huo si ushauri wala mpango, huo ni mtego, na mtu aliyenaswa kwenye mtego wa mama yake halali usingizi katika nchi yoyote.

Na yule kijana. Ulitaka kumwita pembeni umfanye mwenzako wa kudanganya. Hebu mfikirie vizuri. Alijua masharti siku ileile. Angeweza kunyamaza, akaharakisha wazee wake, akaoa, na nyie mngekuja kushtukia mbele ya dirisha la ubalozi, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kutaka kuoa mchumba wake. Yeye akaenda kumwambia binti yako, "Una njia mbili, na moja inakutoa kwangu." Mtu wa namna hiyo hapatikani kirahisi, Mama Pacha, na wewe ulimpata kwa sahani ya chakula.

Sasa fanya haya, na ufanye wiki hii. Wewe na mume wako nendeni kwa wazee wa kijana kabla hawajaja kwenu. Ombeni radhi kwa ule mguu, semeni ukweli wote, muombe tarehe ingoje mpaka vijana wenyewe waamue. Mwache mume wako aongee, amekaa na siri muda mrefu, maskini, ana haki ya kupumua, na wateja wake wana haki ya kunyolewa vizuri.

Pili, achana na maneno ya wateja wa kibandani. Masharti ya safari yenu yaulizeni kwa wenyewe wanaotoa viza, kwa maandishi, binti na kijana wakiwepo, ili kila mtu asikie kitu kimoja. Na kumbukeni kwamba kuchaguliwa ni kuitwa mlangoni tu, ndani hamjaingia. Mahojiano yapo mbele. Kibanda kisiuzwe, wewe usiage kazini, mapacha wasiache kusoma. Furahini, ndiyo, jifunzeni Kiingereza, ingieni hicho chumba cha baridi mpaka msimamizi awafukuze, lakini mguu mmoja uwe bado kwenu.

Tatu, waache wale wawili wakae peke yao. Wana njia ngumu zote. Binti akienda bila kuolewa, kijana atasubiri, na kusubiri huko kunaweza kuwa miaka, na hakuna wa kumhakikishia kwamba ataitwa. Akiolewa, atabaki, na nyie mtakuwa mnamwona kwenye simu. Usimfichie ugumu wa upande wowote, na usiupake sukari ule unaoutaka wewe. Usilie mbele yake. Usimpitishie maneno kwa mapacha. Wala usimtume shangazi, ambaye nadhani bado yuko huko ulikomfukuzia.

Umeniambia amekuomba muda wa kufikiri, na kwamba umempa ingawa unatetemeka. Vizuri, hapo umekuwa mama. Siku atakapokuja na jibu, liwe la kwenda au la kubaki, wewe una maneno mawili tu ya kumwambia: "Sawa, mwanangu." Usiongeze "lakini". Usimuulize kama ana uhakika. Ukiyasema hayo na uso wako ukakubaliana na mdomo wako, basi popote atakapokuwa atakuwa na mama. Ukishindwa, hata akipanda ndege na akakaa kiti cha jirani na chako, utakuwa umemwacha.