Niliyekwama Kumtaja

Rooty Hill, ughaibuni, Agosti 2021. Bado tumefungiwa ndani kwa sababu ya korona.

Mfalme mmoja wa kale wa Uskoti, niliyesoma habari zake, hanitoki akilini. Alitawazwa akiwa mtoto wa miaka saba, na mzee mmoja akasimama kumtajia baba zake wote, hadi wa kale kabisa.

Nilimsimulia mjukuu wangu. Akacheka. “Okay Babu, sasa taja wetu.”

Nikaanza. Kwa babu wa baba yangu nikakwama. Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Hakuna jina la ukoo la kufuata. Kaka yangu ndiye aliyewajua wote, na korona ilimchukua Juni, kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma. Sikuwahi kumuuliza.

“Basi anzia kwako,” mtoto akasema.

Tangu hapo nawahisi wazee wetu nisiowajua majina chumbani, wamesimama, wakingoja niwaite.