Mbili kwa Kumi kwa Chakula cha Mama Mkwe

Mpendwa Bi Verna,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo mwisho wa kupeleka fomu ofisi ya elimu ya kaunti, na mimi nimeshajiharibia. Nina binti mmoja, Tess, ana miaka kumi na moja, Agosti anaingia darasa la sita, na kama unavyojua kaunti yetu ina shule tatu za kati, za darasa la sita hadi la nane, na mtoto hupelekwa ile ya mtaa anaolala, sisi tumeangukia Mill Pond, ambayo mtandaoni ina alama nne kwa kumi, wakati Harlan Ridge ng'ambo ya barabara kuu ina tisa, basi nikatengeneza jedwali, Bi Verna, jedwali la rangi, kijani, njano na nyekundu, hesabu, maktaba, maabara, bendi, vyoo, chakula, nikalibandika kwenye friji, nikaenda jioni za wageni katika shule zote tatu na kalamu mkononi, hadi vyooni niliingia nikanusa, mume wangu Dwight akaniambia, "Mke wangu, hata wanunuzi wa ng'ombe hawakagui hivi," lakini sikumsikiliza.

Mama mkwe wangu, Mama Opal, anaishi upande wa Harlan Ridge, nikawaza kwamba akiapa kwenye fomu kuwa Tess anaishi kwake, mtoto ataingia shule ya alama tisa, majirani wawili wamefanya hivyo na hakuna aliyewauliza. Nilichosahau, au nilichojisahaulisha, ni kwamba Mama Opal ni mpishi wa Mill Pond, huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili katika jiko lile. Nikampelekea fomu Jumapili moja baada ya ibada, na kwa haraka zangu nikaichomoa kwenye bahasha pamoja na jedwali, akavaa miwani, akaanza na jedwali, kidole kikashuka mpaka Mill Pond, chakula, nyekundu, mbili kwa kumi.

Akaniuliza polepole, "Mwanangu, hizi mbili, moja ni ya supu, na nyingine ya nini?"

Nikasema, "Mama, ni mambo ya mtandaoni tu hayo."

"Haya. Nitasaini, mjukuu wangu siwezi kumnyima kitu. Ila nieleweshe, maana nimezeeka. Naapa kwamba Tess analala kwangu, ili asije akala kwangu?"

Akasaini. Tangu hapo Jumapili mbili zimepita hajaja kula kwetu, ila kila mara humpa Dwight bakuli la pichi za kuoka atuletee, zikiwa bado za moto. Tess hajui habari za fomu, yeye anataka Mill Pond kwa sababu mwalimu wa bendi alimpa tromboni aipulize jioni ile ya wageni, na sasa anazunguka nyumba nzima akipuliza bomba la karatasi. Fomu imo kwenye droo ya vijiko. Niipeleke? Nampenda yule mama, amenifaa kuliko hata mama aliyenizaa, lakini na mwanangu nampenda, na nne ni nne.

Wako,
Mwenye Jedwali

*

Mwenye Jedwali,

Pole. Mama anayenusa vyoo vya shule tatu hakupungukiwa na mapenzi, amepungukiwa na breki. Nimecheka, kisha nimekasirika, na tuanze na hasira.

Hiyo fomu ni kiapo, na aliyeapa si wewe. Umemfanya mwanamke mwaminifu aseme uongo kwa maandishi, tena mwajiriwa wa kaunti hiyo hiyo. Ofisi ikituma mtu kuangalia kama mswaki wa Tess uko kwa bibi yake, atakayeitwa ni Mama Opal. Na Tess akiulizwa na wenzake anakolala, ajibu nini? Ichane sasa hivi, halafu urudi uendelee kusoma.

Umerudi? Sasa hiyo nne. Sitakwambia haina maana. Alama zile zinatokana na mitihani, na kama Mill Pond wanayumba katika hesabu, usilifumbie macho. Kesho omba kuonana na mwalimu wa hesabu wa darasa la sita, umuulize anamfanyia nini mtoto anayebaki nyuma, na yule anayekimbia mbele. Asipokuridhisha, kaunti ina ombi la uhamisho, unaliandika kwa jina lako na anwani yako halisi, nalo mwisho wake ni hiyo hiyo Ijumaa. Kwa hilo hakuna atakayekulaumu, hata Mama Opal. Ila kwanza mkalishe Tess, umuulize anataka nini. Jedwali lako lina kila kitu isipokuwa yeye.

Na chakula. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipokula, sikupaona. Ulikwenda jioni, jiko limefungwa, ukawapa mbili. Unaona haya? Ona. Kisha mrudishie mama wa watu bakuli lake, wewe mwenyewe, si Dwight, na lisiwe tupu. Mwambie, "Mama, nilikosea," halafu unyamaze. Usilete "lakini" yako.

Mimi nakisia mtaishia Mill Pond, maana lile bomba la karatasi halitanyamaza. Ikiwa hivyo, siku ya kwanza ya shule usimfungashie Tess chakula. Mwache ashike trei apange foleni na wenzake. Upande wa pili wa kaunta kuna mtu aliyewapakulia watoto wa wenzake miaka ishirini na mbili, akimsubiri wa kwake.

Bi Verna