Mzuri, Ila Si Kuku

4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kuliko mabehewa ya treni yako. Mimi mzima, ila vidole vinauma kwa kusuka nywele, maana mwezi huu mabinti wote wameamua kuolewa. Wewe je? Kifua kimepona?

La Baba sikufichi. Hana homa, haumwi popote, lakini hali chakula, anashinda kwa chai ya maziwa tu. Wiki ya tatu sasa. Analala ameelekea dirishani, anatazama pazia linavyovuta pumzi, anasema ameota saa zote alizowahi kuzitengeneza zinapita barabarani kama kondoo. Daktari anasema mwili hauna ugonjwa, una njaa, na asipokula hatafika mbali. Jana kafumbua macho: "Nipikieni kuku." Nikamkaangia kwenye mafuta, wa rangi ya dhahabu. Kaonja, karudisha sahani. "Mzuri. Ila si kuku."

Mpishi ni wewe. Nifanyeje?

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu, mrithi wa ubishi wangu,

Barua yako imenifukuza vituo vitatu ndipo ikanikamata. Mimi mzima kama chuma cha reli. Kikohozi kilishuka njiani, kikasahau kupanda tena.

Sasa kaa chini, umemwandikia mwenyewe. Shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, lakini kwa kuku, nipishe! Kwenye behewa langu la chakula kuna mama amepitiliza kituo chake mara mbili, makusudi, ili aongezewe bawa. Nimepika nikivuka mipaka mingi hadi kuku wangu wanastahili pasipoti.

Mgonjwa hakaangiwi, dada. Mgonjwa huchemshiwa. Kuku mzima, maji ya baridi. Ukimtumbukiza kwenye maji ya moto anashtuka, anafunga milango, utamu unabaki ndani. Tia kitunguu na tangawizi, engua povu, chumvi mwishoni. Maji yatabasamu tu, yasicheke. Yakicheka, punguza moto. Saa moja na nusu, kisha mpe mchuzi kwenye kikombe.

Hapa nje ukungu umelala mashambani, treni inakwenda kama inakanyaga maziwa. Sasa hivi nimemwona Baba kasimama kule mbali, kaweka saa sikioni. Tulipokaribia ikawa nguzo.

Nimeomba likizo. Msimamizi anasema mpaka mwezi wa tano. Mfanye ale, dada. Nimkute.

Kaka yako, Mfalme wa Sufuria

25 Machi

Kaka,

Shikamoo, Mfalme. Sisi tupo.

Mchuzi alikunywa vijiko vitatu, nikatoka mbio kuwatangazia majirani. Niliporudi kalala. Alipoamka: "Mzuri. Ila si kuku."

"Kuku yupi basi, Baba?"

"Yule wa Jumapili."

Unazikumbuka zile Jumapili, baada ya Mama kututoka? Mimi nakumbuka ladha tu. Jikoni Baba alikuwa akitufukuza kama paka. Wewe ni mkubwa, alikuwa anafanyaje? Mkanda wake nimeutoboa tundu la tatu.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu, na pole kwa mkanda. Mimi mzima, ila tangu barua yako nalala vibaya.

Watu wakiniuliza nani alinifunza kupika, husema ni Baba. Hapo ndipo ninapovimba kabisa. Kumbe hata sijui alipikaje! Niliwahi kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Niliona mgongo wake tu, umeinamia saa ya mtu mezani. Kukoroga sikumwona hata siku moja.

Basi tumzunguke huyo kuku pande zote. Muoke: siagi na kitunguu saumu chini ya ngozi, kifua kitazame chini ili kijinyweshe mafuta yake. Akikataa, mchome, lakini subiri mkaa uvae majivu meupe. Makaa mekundu yana pupa, huunguza nje na kuacha damu ndani. Akikataa tena, mpike kwa mvuke: bakuli ndani ya sufuria, kifuniko ukivishe kitambaa kisidondoshe maji. Huyo ni laini, hata ndoto inaweza kumtafuna.

Usimpe wote siku moja, si harusi hiyo.

Kaka yako

19 Aprili

Kaka,

Salamu. Kwanza kaa, halafu soma.

Wa kuoka: "Mzuri." Wa kuchoma: "Mzuri sana," akageukia ukuta. Kwa wa mvuke, Baba alilala kijiko kikiwa mdomoni. Jumamosi nikakata tamaa. Sikufuata barua yoyote. Nikamkatakata kuku, nikatia kitunguu, nyanya, chumvi, mafuta kidogo, nikafunika, nikarudi sebuleni kwa bibi harusi niliyekuwa namsuka. Kazi yangu unaijua: mstari ukiuanza huuachi, ukiuacha unapinda.

Bibi harusi akasema, "Dada, kuna kitu kinaungua."

"Namaliza mstari huu."

Ikawa mistari minne. Mara nasikia kandambili. Baba! Anapita katikati yetu, mkono ukutani, shuka begani kama joho. "Kuku ananiita," kasema.

Nikakimbilia sufuria.

"Usiguse!"

Sauti ile ile, Kaka. Kachota kikombe cha maji, kamwaga, na jikoni pakawa wingu tupu. Hatukuonana. Nikawa nasikia tu mwiko ukikwangua chini, taratibu, kama mtu anayepiga kasia angani. Kafunika. Kaketi. Kala paja, kala bawa, kavunja na mfupa.

"Baba, kumbe ulikuwa unatuunguzia?"

"Nani kaunguza? Saa ya mtu iko wazi mezani, gurudumu dogo kama punje liko kwenye kibano, naondokaje?"

Fundi saa mzima, kuku wake hakuwahi kumtoa kwa wakati! Nimecheka hadi nikalia. Bibi harusi kaoga mara mbili, bado ananukia mchuzi.

Sasa anakula, ila huyo tu. Miguu haina nguvu bado. Likizo vipi?

Mdogo wako

28 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma jikoni kwa sauti, hata muosha vyombo kapiga makofi.

Nami nikajaribu. Mara tatu nimembandika kuku nikajigeuza dirishani, na mara tatu mkono wangu umerudi nyuma ukaepua wenyewe. Mimi niliyelisha mipaka yote hiyo, kuku wa Baba amenishinda! Ya nne niliuma meno nikavumilia. Moshi ukajaa, msimamizi akaja na ndoo akammwagia kuku, jiko, na mimi.

Likizo nimepata. Nadhani alitaka nikauke kwanza. Nafika tarehe kumi na mbili. Mwambie asiondoke popote.

Kaka yako, mfalme aliyeloa

12 Mei, mezani jikoni

Mdogo wangu,

Salamu toka hatua kumi ndani ya mlango uliotokea leo. Sijui utarudi saa ngapi kutoka kwa huyo bibi harusi wako wa leo, nakuachia hii chini ya sahani.

Kanifungulia mlango mwenyewe. Nilimkumbatia, nikahisi nimekumbatia koti lililotundikwa. Nikataka kulia, akanisukuma: "Umenenepa. Kata kitunguu."

Tumembandika kuku pamoja. Akanionyesha kiti, akafungua saa moja kuukuu, akashika kibano, na kabla hajagusa gurudumu hata moja kasinzia. Jua limempanda magotini. Pua yake inapiga filimbi kidogo. Nimemwondolea kibano polepole.

Nakuandikia ili mikono yangu ipate kazi, la sivyo ingeshaepua. Sufuria imeacha kuchemka, imeanza kunong'ona. Sasa hata kunong'ona imeacha. Harufu inapanda. Ningekuwa kazini ningeshafukuzwa.

Nimemwambia, "Baba, anaungua."

Hakufumbua macho.

"Bado," kasema.

Kaka yako