Mashimo Sita kwenye Milango ya Mwajabu

Alhamisi. Manyunyu hapa Mkata tangu alfajiri, na hata chai imenishinda.

Leo nimeharibu kabati la mdogo wangu, tena baba akiwa amekaa pale pale akitazama.

Baba ni fundi seremala. Maisha yake yote amefanya kazi na mninga, na useremala wote ninaoujua niliuokota miguuni pake. Mwaka jana kiharusi kilimchukua mkono wa kulia pamoja na maneno mengi. Yaliyobaki hutoka vipande vipande. Kabla ya hapo alikuwa amemuahidi mdogo wangu Mwajabu kabati la vyombo siku atakayoolewa. Mwajabu anaolewa Jumapili. Nikasema nitalitengeneza mimi, baba akae karibu anielekeze.

Mwajabu hakutaka mninga. Alitaka chipubodi, ule ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa, yenye gamba jeupe la kung'aa, kama aliyoiona kwa wenzake. Tukaagiza Korogwe, ikaja imekatwa tayari kwa vipimo. Ilibaki kutoboa mashimo ya bawaba kwenye milango minne: mapana, ya mviringo, yasiyotokeza upande wa pili.

Nilifungua sanduku la baba la biti za drili, nikachukua ile bapa yenye umbo la jembe kwa sababu upana wake ulilingana na bawaba. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Nikalaza mlango juu ya stuli mbili, uso wake ukitazama chini. Baba alikaa kwenye kigoda. Nikawasha drili.

"Mbe... mbele," akasema.

Nikajua ananiambia niendelee. Nikaendelea. Akagonga fimbo sakafuni, "Mbele! Mbele!" Nami nikafurahi, jamani. Nilidhani ananishangilia! Nikamaliza mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Nilipougeuza wa tatu ndipo nikaona. Biti ya jembe ina ncha ndefu katikati. Kabla makali hayajafika kina nilichokitaka, ncha ilikuwa imeshatoboa hadi usoni na kubandua lile gamba jeupe. Baba, pale chini alipokaa, alikuwa anaiona ikitokeza. Alikuwa ananiambia nitazame mbele ya mlango.

Milango mitatu. Mashimo sita.

Alikuwa analia bila sauti. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama.

Nilipanda basi kwenda Korogwe hivyo hivyo, vumbi la chipubodi kichwani. Nilimwamkia mama mwenye duka la vifaa, nikamweleza yote. Akanitolea biti fupi, nene, yenye makali kuzunguka ukingo na kincha kidogo sana katikati.

"Hii ndiyo ya bawaba, mwanangu. Inachimba kama kikombe, chini inaacha pamelala sawa," alisema. "Matundu ya skrubu tumia nyembamba yenye ncha, isiteleze. Na tundu la kutokeza, bana kipande cha mbao upande wa pili, gamba lisimenyeke."

Nikamuuliza kama chipubodi ile ipo.

"Imekwisha. Labda wiki ijayo."

Wiki ijayo Mwajabu atakuwa kwa mumewe.

Niliporudi nilimwekea baba biti mpya kwenye kiganja cha kushoto. Akaipapasa ukingoni kwa kidole gumba, akaigeuza, akanirudishia.

"Sa... mehe," akasema.

Yeye. Ananiomba mimi msamaha.

Nilipaswa kumjibu. Badala yake niliweka biti chini, nikachukua ufagio nikaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Kesho Mwajabu anakuja kutoka Mnyuzi kuliona kabati lake. Yeye nitamweleza, atanuna, atanisamehe. Lakini baba nitamwambiaje kwamba neno lake lilitoka zima na lilikuwa sahihi, na kwamba mimi, mwenye ulimi mzima, ndiye niliyeshindwa hata kuzima drili nikamuuliza, "Unasemaje, baba?"