Milango Isiyo na Viatu

Mtaa wa Chechelesi,
Kwa mkono wa Bwana Noorali, dukani,
Isiolo.
3 Machi 1986

Mpendwa mwanangu Bonaya,

Salaam aleikum, mwanangu. Hujambo? Kifua kimepoa? Unakula nini huko India? Usinijibu "nakula vizuri" kama kawaida yako. Sema ni chakula gani, na ni nani anapika. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila goti la kushoto linanisumbua nikiinuka kwenye swala. Ngamia waliobaki nao ni wazima, mvua ndiyo bado.

Usishangae mwandiko huu. Dada yako Racho, aliyekuwa ananiandikia, ameolewa Garbatulla. Sasa ni mimi mwenyewe, mwanafunzi wa ngumbaru, darasa la sisi watu wazima. Mwalimu wetu Nakaale anasema herufi zangu zinatoka kama mbuzi waliofunguliwa zizini, kila moja na njia yake. Soma polepole, utanipata.

Barua yako nimeisoma. Lile ombi lako la kubaki huko miaka miwili zaidi nitalijibu chini. Sijalisahau. Naliogopa tu.

Kitabu chako cha michoro kilifika salama. Bwana Noorali alituma mtu kuniita dukani, nikaenda mbio na leso ya jikoni nikidhani ni habari mbaya. Nilipoona ni mkono wako nililia mbele ya wateja. Tangu siku hiyo nakitazama asubuhi na jioni, mpaka pembe za karatasi zimeanza kukunjika. Nisamehe.

Ile nyumba nyeupe ya Agra, yenye kichwa kama kibuyu, nilimwonyesha jirani yetu Umulkheir. Nikamwambia kwa maringo, hapa ndipo Bonaya wangu analala. Tukaenda dukani tusomewe maneno ya Kizungu uliyoandika chini. Bwana Noorali akavua miwani, akasema, "Mama Bonaya, hili ni kaburi."

Umulkheir alipiga makofi. "Wallahi, Khadijo! Mtoto umemlea kwenye mabati, sasa amehamia kwa marehemu!"

Duka zima likacheka. Na mimi nilicheka. Nyumbani sikucheka.

Nilimuuliza Bwana Noorali kama miji ya kwao yote iko hivyo, kimya. Akasema, "Mimi nimezaliwa Nanyuki, mama. India naijua kwa picha za kalenda. Lakini nasikia huko watu wanakanyagana." Kisha akaomba akae na kitabu kidogo, akawa anafungua ukurasa mmoja mmoja, hata mteja wa sukari akasubiri.

Ule mji mwekundu, ambao umeandika kwamba wenyeji husema uliachwa kwa shida ya maji, nimeupenda sana. Kumbe wafalme nao wanahama kama wafugaji wa Sericho! Baba yako akisikia atafurahi. Ila walihama wakaacha nyumba zote zimesimama, na wewe ukakaa katikati yake peke yako na penseli. Hapo roho yangu haikutulia. Ukikaa penye makaburi, unatoa salaam kwanza? Toa, mwanangu. Hata aliyekufa ni mwenye nyumba.

Sasa nikuulize. Mbona hakuna mtu? Najua maalim wako wa Kurani alikukataza kuchora kiumbe chenye roho, na umemtii mpaka leo. Hilo sina neno. Lakini umechora mlango wa msikiti mkubwa wa Delhi, ngazi kwa ngazi, na hakuna hata kiatu kimoja. Msikiti bila viatu mlangoni! Hapa mtaani, kabla sijabisha hodi kwa mtu, natazama chini. Nikiona vile vya tairi vya Umulkheir, vilivyoshonwa kwa waya, najua yumo. Nikiona vya mgeni, najua nisikae sana. Pasipo na viatu hapana mtu. Kitabu chote nimepita mlango kwa mlango, Bonaya, nikitafuta viatu vyako tu.

Unatembea na nani? Ukimaliza kuchora unamwonyesha nani?

Milango ya namna hiyo naijua. Racho amekwenda kwake, baba yako yuko Sericho na ngamia, na mlangoni kwangu ni jozi moja tu. Siku hizi naweka nje vile viatu vya zamani vya baba yako. Umulkheir akiniuliza namwambia ni kwa ajili ya wezi. Si kwa ajili ya wezi.

Basi, lile ombi lako. Unasema walimu wako wanataka ubaki usomee kutengeneza majengo ya kale yasianguke. Nilimtumia baba yako habari kwa Ekeno, dereva wa lori, akarudi na jibu: "Aliyemzaa ndiye atasema." Yaani amenitupia mimi. Tundu unaloliona pembeni ya karatasi hii, hapo nilikuwa nimeandika neno "rudi". Nikalifuta kwa mate na kidole mpaka karatasi ikatoboka.

Nilifuta kwa sababu nilitazama tena mchoro wako wa lile lango la Jaipur, na vidirisha vyote ulivyovichora kimoja kimoja. Wewe, ambaye hukuweza kukaa kitako uji upoe! Kitu kilichokufundisha kukaa hivyo, mimi sitakikatiza. Kaa, usome umalize. Nimesema.

Lakini usikae peke yako. Tafuta wenzako, kula nao, hata kama pilipili yao inakutoa machozi. Na ukichora kitabu kingine, nione viatu mlangoni. Viatu havina roho, maalim hatakudai kitu.

Kitabu hiki nakurudishia. Karatasi ya mwisho ilikuwa nyeupe, nimechora mlango wetu. Usicheke. Nyumba imekuwa kama sanduku la chai. Umulkheir alitaka niongeze kuku, nikamwambia kuku ana roho. Vile vilivyo chini ni viatu vyangu vya plastiki, vya kijani, unavijua. Vya baba yako sikuvichora, maana hayumo. Kando ya vyangu nimeacha nafasi.

Racho anakusalimu, na mumewe Yattani. Umulkheir anakusalimu na anauliza kama marehemu wa huko wanakoroma. Bwana Noorali naye anakuomba umchoree soko la Ahmedabad, mji wa babu yake.

Mungu akulinde njiani na kwenye magari moshi yao, akupe marafiki wa kweli, na siku akikurudisha uvue viatu vyako kwenye ile nafasi, mimi niko ndani nasikia.

Ni mimi mama yako, akupendaye na kukungoja,
Khadijo